Wasia wa Mchungaji Bentley: Makaratasi ya Salem na Masanduku Yetu

Tarehe 29 Disemba 1819, katika mji wa bandari wa Salem, jimbo la Massachusetts, alifariki mchungaji mmoja asiyekuwa na mke wala mtoto. Hakuacha meli wala ghala, ijapokuwa aliishi maisha yake yote ya utu uzima kati ya wenye meli na wenye maghala. Alichoacha ni maelfu ya vitabu, picha za watu wa zamani, kabati la vitu vilivyoletwa kutoka nchi za mbali, barua, na shajara aliyoiandika kwa zaidi ya miaka 35. Jina lake William Bentley, na wanahistoria wa Marekani humhesabu miongoni mwa wakusanyaji wa mwanzo wa mambo ya kale ya nchi yao.

Msomaji wa jarida hili ana haki ya kuuliza: mchungaji wa Kikristo wa Massachusetts ana nini na sisi? Ana mawili. La kwanza ni kwamba mji wake ndio ule ule ambao, miaka michache baada ya kufa kwake, uliwaleta Wamarekani Unguja na kulipa jina lile kaniki yetu ya pili, kitambaa cheupe cha merikani. La pili linatugusa zaidi. Safari ya makaratasi yake, kutoka chumba cha kupanga mpaka kwenye maktaba za leo, inaonyesha wazi kwa nini maandishi ya watu wengine yamebaki na ya kwetu mengi yamepotea.

Bentley alizaliwa Boston mwaka 1759. Baba yake alikuwa seremala wa meli, lakini kijana alilelewa na babu yake mzaa mama, akasomeshwa Harvard na kuhitimu mwaka 1777. Mwaka 1783 alipewa kanisa la Mashariki, Salem, kwenye mtaa wa mabaharia, na hapo hakuondoka mpaka alipozikwa. Kwa muda mrefu alipanga katika nyumba ya mjane wa ukoo wa Crowninshield, ukoo wa manahodha na wafanyabiashara wakubwa. Nyumba ile ipo hadi leo, na watu wa Salem huita kwa majina yote mawili: la wenye nyumba na la mpangaji.

Salem ya wakati huo ilikuwa moja ya miji kumi mikubwa ya Marekani. Utajiri wake ulitoka baharini: pilipili manga ya Sumatra, nguo za India, chai ya China, kahawa ya Yemen. Mwaka 1798 meli ya Salem iitwayo Recovery, chini ya nahodha Joseph Ropes, ilifika Mokha. Watu wa kanisa la Bentley ndio waliokuwa wakisafiri safari hizo, na wake zao ndio waliobaki wakingoja.

Mchungaji mwenyewe hakuwa msafiri wa bahari. Yeye alikaa bandarini na kuuliza. Alisoma lugha nyingi, Kiarabu kikiwamo, na magazeti ya Salem yalichapa kwa miaka mingi muhtasari wa khabari za dunia alioutayarisha yeye. Nahodha akirudi, Bentley alitaka kujua ameona nini, amekutana na nani, na ameleta nini. Vitu vidogo vilivyoletwa viliingia kabatini kwake. Maneno yaliyosemwa yaliingia katika shajara.

Shajara hiyo ilianza mwaka 1784 na ikaendelea mpaka siku za mwisho za uhai wake. Mtu anayeifungua akitafuta fikra kubwa za dini atachoka upesi. Atakuta hali ya hewa, bei, meli iliyoingia na iliyotoka, nyumba iliyojengwa, harusi, magomvi ya mtaani, na vifo. Kila aliyekufa katika jamaa ya kanisa lake aliandikiwa umri wake, maradhi yake, na aliowaacha. Na karibu kila Jumapili kuna orodha fupi ya watu walioomba waombewe kanisani siku hiyo. Humo wamo wanawake waliojifungua, wagonjwa, waliofiwa, na tena na tena mwanamke anayemuombea mumewe, kaka yake au wanawe walioko baharini.

Kwa sisi tuliotoka katika miji ya majahazi, orodha hizo hazihitaji mfasiri. Dua ya kumuombea aliye safarini ilisomwa katika kila nyumba ya Unguja, Lamu, Sur na Matrah. Tofauti ni kwamba Salem alikuwapo mtu mmoja aliyeandika jina la aliyeomba na la aliyeombewa, akatia tarehe. Kwa ajili hiyo, mtu wa leo mwenye asili ya Salem anaweza kumkuta bibi wa bibi yake akiwa kanisani Jumapili fulani, mwenye hofu, miaka zaidi ya 200 iliyopita.

Pamoja na shajara, Bentley alikusanya yaliyomtangulia. Alitembelea nyumba za koo za zamani, akauliza juu ya picha zilizotundikwa ukutani na vitabu vilivyosahauliwa. Alikwenda mara kwa mara kwenye shamba la ukoo wa Endicott, kuutazama mpea uliopandwa na gavana wa mwanzo wa wakoloni wa Kiingereza mahali hapo. Mti ule unaishi mpaka leo. Historia yake ya Salem, iliyochapishwa mwaka 1800, haikuruka aibu kubwa ya mji huo, mashtaka ya uchawi ya mwaka 1692 ambayo watu 19 walinyongwa kwa ajili yake.

Mji wenyewe nao ulikuwa umeanza kukusanya. Mwaka 1799 manahodha wa Salem waliunda chama chao, East India Marine Society. Hakuingia ila aliyekwishazunguka Rasi ya Tumaini Jema au Rasi ya Horn akiwa nahodha au msimamizi wa shehena. Chama kilikuwa na kazi tatu: kuwasaidia wajane na mayatima wa wanachama, kukusanya daftari za safari ili wengine wajifunze njia, na kuweka makumbusho ya vitu vya nchi za mbali. Bentley alikuwa karibu na watu hao na aliandika juu ya maandamano yao ya Januari 1804, walipopita barabarani na vitu vyao, machela ya Kihindi ikibebwa na watu weusi waliovishwa nguo za Mashariki.

Sasa tuje kwenye wasia. Harvard, chuo kilichomsomesha, kilimpa shahada ya heshima ya udaktari wa dini mwaka 1819, mwaka ule ule aliokufa. Inasemwa kwamba walitazamia kupata maktaba yake, na kwamba heshima hiyo ilikuja wakati yeye amekwishaamua. Liwalo lote katika hilo, wasia ulikuwa wazi. Vitabu vya dini, vya lugha za kale na kamusi alivipeleka Allegheny College, chuo kipya kilichoanzishwa mwaka 1815 huko Meadville, Pennsylvania, ambacho wakati huo kilikuwa na wanafunzi wachache na vitabu vichache zaidi. Chuo kilipojenga jengo lake la kwanza kubwa, kililiita Bentley Hall. Vitabu vya Kijerumani, vitabu vilivyochapwa New England, pamoja na picha, alivipeleka Worcester, kwa American Antiquarian Society, jumuiya ya kuhifadhi mambo ya kale iliyoanzishwa mwaka 1812 na mchapaji Isaiah Thomas. Shajara nayo hatimaye ikaishia mikononi mwa jumuiya hiyo, na ipo huko hadi sasa.

Tuangalie alivyofanya. Hakuwa na mtoto wa kumrithi, na pengine ndilo lililomlazimisha kufikiri. Aligawa kwa kutazama nani atakitumia kitu hiki, na nani ana nyumba na watu wa kukitunza. Chuo maskini kilipewa vitabu vya kusomea. Jumuiya ya wahifadhi ilipewa vya kuhifadhi. Hakumuachia mtu kazi ya kukisia.

Kwetu jambo hili lina jina la zamani: wakfu. Vitabu vingi vya khati vya mwambao wetu, misahafu na vitabu vya fikihi, vimeandikwa katika kurasa za mwanzo kwamba fulani bin fulani amekiweka wakfu kitabu hiki, kisiuzwe wala kisirithiwe, kisomwe msikitini au na wanafunzi wa mahali fulani. Kwa hiyo fikra hii si ya kuazima Massachusetts. Ila sisi tuliweka wakfu vitabu vya ilimu, na daftari za biashara, barua za ndugu, hati za mashamba na vijitabu vya kumbukumbu tukaviacha sandukuni, kwa kuviona ni mambo ya nyumbani tu.

Bentley aliandika mambo ya nyumbani. Na kati ya mwaka 1905 na 1914 taasisi ya historia ya Salem, Essex Institute, iliichapa shajara yake katika juzuu nne. Toka hapo hakuna anayeandika historia ya bandari hiyo bila ya kupitia kwake.

Hapa ndipo bahari yetu inapoingia. Bentley hakuwahi kuiona biashara ya Salem na Unguja. Mwishoni mwa miaka ya 1820 meli za Salem zilikuwa zimeanza kutia nanga kwetu, zikinunua pembe, sandarusi, karafuu na ngozi, na kuuza nguo, bunduki, baruti na nyaya za shaba. Tarehe 21 Septemba 1833 Sayyid Said bin Sultan alitia saini mkataba wa urafiki na biashara na Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, mjini Muscat. Mwaka 1837 alifika Unguja balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard P. Waters, naye ni mtu wa Salem. Mwaka 1840 Sayyid Said aliipeleka meli yake, Sultana, mpaka New York, na mjumbe wake Ahmad bin Na'aman akawa miongoni mwa Waarabu wa mwanzo kwenda Marekani kwa ujumbe wa aina hiyo.

Sasa tujiulize: khabari hizi tumezipata wapi? Waters naye aliandika shajara na kuweka barua zake. Kampuni za Salem ziliweka daftari na nakala za barua walizowaandikia mawakala wao wa Unguja. Mji uliozoea kuweka karatasi uliziweka na hizi. Mwaka 1962 Hermann Eilts alipotoa utafiti wake juu ya safari ya Ahmad bin Na'aman, aliutoa katika jarida la Essex Institute, taasisi ile ile iliyochapa shajara ya Bentley. Na mwaka 1965 Norman Bennett na George Brooks walipokusanya nyaraka za wafanyabiashara wa New England katika Afrika, sehemu kubwa ya yanayohusu Unguja ilitoka katika makaratasi ya watu wa Salem.

Maana yake ni kwamba tunaijua Forodhani ya miaka ya 1840 kwa macho ya mgeni aliyekuwa akinunua. Tunajua Waters alimuonaje Jairam Shivji, mshika forodha wa Sayyid Said, na walivyoelewana katika biashara. Jinsi mshika forodha, mwenye shamba, serehangi au mchukuzi alivyomuona Waters, hilo tunalikisia. Barua ya upande mmoja ni nusu ya mazungumzo, na mwanahistoria mwenye nusu hiyo hawezi kulaumiwa kwa kuitumia. Nusu ya pili ilikuwa yetu kuiweka.

Wala tusidhani kwamba aliyeandika ameona kila kitu. Mwisho wa Disemba 1790 Bentley aliandika kwa furaha kwamba amemuona kwa mara ya kwanza mtu wa India, kutoka Madras, aliyeletwa Salem na nahodha mmoja. Alieleza urefu wake, rangi yake, nywele zake na mavazi yake. Jina lake hakuliandika. Mchungaji aliyejali jina la kila mjane wa mtaa wake alimtazama mtu huyu kama alivyomtazama, miaka michache baadaye, tembo aliyeletwa kutoka Bengal na Jacob Crowninshield na kuonyeshwa sokoni Salem mwaka 1797. Hilo nalo ni funzo: mkusanyaji hukusanya na upofu wake pia.

Lakini lipo alilolitazama bila kupepesa. Meli za Salem zilishiriki biashara ya utumwa kwenye pwani ya magharibi ya Afrika, na Bentley aliyajua hayo kwa sababu waliohusika walikuwa majirani. Katika shajara alimtaja kwa jina Joseph White, mfanyabiashara mwenye cheo mjini, kwamba haoni vibaya kuuza sehemu yoyote ya wanadamu, na akaandika jinsi jambo hilo lilivyomchukiza. Ukurasa ule haukuchanwa. Waliochapa shajara karne moja baadaye waliuacha ulivyo. Na katika maandishi ya Waters vile vile: mtu wa dini aliyeuchukia utumwa, na huku akifanya biashara kila siku katika mji ulioendeshwa kwa kazi ya watumwa. Yote mawili yamo ndani ya makaratasi yale yale.

Nayasema haya kwa sababu tunajua kinachotokea katika baadhi ya nyumba zetu sanduku la babu linapofunguliwa. Hati ya shamba inawekwa, picha ya mwenye kanzu na joho inatiwa fremu. Karatasi yenye hesabu ya watumwa, au hati ya kumuacha huru mtumwa, au barua ya deni, inarudishwa chini au inachomwa kimya kimya, kwa kuogopa itatuaibisha. Tunawadhulumu wawili kwa mkupuo mmoja. Tunamdhulumu babu, ambaye historia yake sasa itasimuliwa na wasiomjua. Na tunamdhulumu yule aliyeandikwa katika hati hiyo, ambaye huenda hakuna karatasi nyingine duniani yenye jina lake, na ambaye wajukuu wake nao wapo, wanatafuta.

Waliotoka Unguja baada ya Januari 1964 walitoka na walichoweza kubeba. Wengi hawakubeba kitu. Yaliyosalimika yapo leo Muscat, Dubai, London, Cardiff, Toronto, katika kabati la chumba cha kulala au mfuko wa plastiki juu ya kabati hilo, chini ya ulinzi wa mzee mmoja anayeweza kusoma khati ya Kiarabu na anayewajua waliomo pichani. Mzee huyo akiondoka, karatasi zitabaki lakini ufunguo wake umekwenda.

Upo mfano wa nyumba yetu wenyewe. Sayyida Salme binti Said, aliyeondoka Unguja mwaka 1866 na kuitwa Emily Ruete, alichapa kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886 na akaacha maandishi mengine. Mwanawe, Rudolph Said-Ruete, alikusanya vitabu na karatasi zinazohusu Unguja na Oman na ukoo wa mama yake, kisha akazikabidhi Leiden, Uholanzi, akiwa bado hai. Kwa sababu hiyo E. van Donzel aliweza, mwaka 1993, kututolea maandishi yake ambayo wasomaji walikuwa hawajawahi kuyaona pamoja. Ukoo mzima wa Sayyid Said una matawi mengi, lakini binti huyu aliyekufa ugenini ndiye tunayemsikia kwa sauti yake, kwa kuwa mwanawe aliamua.

Kukabidhi si mwisho wa mambo pia. Essex Institute iliungana na makumbusho ya Peabody mwaka 1992 na kuwa Peabody Essex Museum. Mwishoni mwa mwaka 2017 ilitangazwa kwamba maktaba yake, Phillips Library, haitarudi Salem; imehamishiwa mji mwingine, Rowley. Watu wa Salem walilalamika sana kwamba kumbukumbu za mji wao zimetolewa mjini. Anayeweka amana lazima aulize mapema: itakaa wapi, nani ataruhusiwa kuisoma, nakala itabaki kwa nani, na mwenye kuipokea akibadilika itakuwaje. Maswali haya yaandikwe na yajibiwe kwa maandishi. Muscat ipo mamlaka ya taifa ya nyaraka, Unguja yapo makavazi ya Kilimani, na vipo vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani. Kila mahali pana faida na shaka yake, na leo karatasi moja inaweza kukaa mahali pamoja na nakala zake zikakaa pengine patatu.

Kabla ya hapo ipo kazi isiyohitaji taasisi. Kaa na mzee mchana mmoja, picha moja moja, andika kwa penseli nyuma yake majina kutoka kushoto kwenda kulia, mahali, na mwaka ikiwa unajulikana. Andika pia jina la yaya, la mpishi, la nahodha na la mtoto wa jirani. Barua zisitenganishwe na bahasha zake. Daftari la hesabu lisitupwe kwa kuwa ni hesabu tu. Bei ya karafuu na jina la mdaiwa ni historia. Kisha katika wasia, baada ya kutaja nyumba na fedha, uongezwe mstari mmoja: makaratasi haya apewe fulani, ili wasomaji wayaone.

Mchungaji Bentley aliandika mstari huo akiwa hana mtoto hata mmoja wa kumkumbuka. Ndiyo maana leo, miaka zaidi ya 200 baadaye, tunajua Jumapili gani mke wa baharia wa Salem alimuombea mumewe arudi salama. Bibi zetu waliomba dua hiyo hiyo, kwa ajili ya majahazi yaliyokuwa yakija na kaskazi na kurudi na kusi. Wengine bado wapo hai, na majina ya waliokuwa wakiwaombea wanayakumbuka. Tuwaulize.